-kali (kivumishi)

-kali ni kivumishi cha lugha ya Kiswahili kinachoeleza kitu chenye nguvu ya kukata, kuchoma au kutisha. Kwa wazungumzaji wa Kichina wanaojifunza Kiswahili, neno hili linafaa kufundishwa mapema, hasa kisiwani Pemba, ambako madaktari kutoka jimbo la Jiangsu hufanya kazi katika Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Timu za madaktari wa China zilianza kuja Zanzibar mwaka 1964.

Maana

Maana iliyo rahisi kuonyesha ni ya kisu kikali, yaani kinachokata vizuri. Lakini husemwa pia jua kali, mbwa mkali, pilipili kali, mwalimu mkali, mkondo mkali wa bahari na harufu kali ya karafuu. Embe kali halina pilipili, lina ugwadu.

Kichina hakina neno moja linalobeba yote haya. *Lihai* ndilo linalokaribia zaidi, kwani hutumika kwa maumivu, kwa mtu wa kuogopwa, na hata kumsifu hodari. Kisu kikali, hata hivyo, huitwa *kuai*, neno ambalo pia humaanisha "-enye kasi", na pilipili kali ni *la*. Kukariri tafsiri moja tu hakusaidii kitu.

Hospitalini

Mgonjwa anaposema "nina maumivu makali" anataja ukubwa wa maumivu, si lazima ahisi kama anakatwa. Akihisi hivyo atasema "yanachoma" au "yanakata". "Dawa hii kali" ina utata zaidi: huenda dawa ina nguvu mno kwake, au inamchoma tumboni. Dawa yenye ladha mbaya kwa kawaida huitwa chungu. Daktari hana budi kuuliza, "Kali vipi?", kabla ya kupunguza dozi au kuibadilisha.

"Daktari mkali" kwa mzee ni yule anayegomba wagonjwa. Kwa kijana huenda ni sifa: fundi wa kazi yake. Hapo Mchina hapati taabu, maana *lihai* nalo lina pande hizo mbili.

Upatanisho

Vivumishi vya Kichina havibadiliki kufuata nomino. Hiki hubadilika: mtu mkali, watu wakali, kisu kikali, visu vikali, maneno makali. Katika "jua kali" na "homa kali" hakuna kiambishi. Haisemwi "jua likali". Mbwa, kwa kuwa ni kiumbe hai, ni mkali, si "kali".

*Vikali* hutumika pia kama kielezi: alimkemea vikali. *Makali*, likisimama peke yake, huwa nomino: upande wa kisu unaokata.