Kilo 780 za Makaa kwa Kila Tani ya Chuma

Septemba 30, 2024, Uingereza iliagana na makaa ya mawe mara mbili kwa siku moja. Ratcliffe-on-Soar, mtambo wake wa mwisho wa kufua umeme kwa makaa, ulizimwa. Huko Port Talbot, Wales, tanuru la mwisho la kuyeyusha madini ya chuma katika kiwanda cha kampuni ya Tata nalo lilisimama. Mtambo wa umeme haukuacha pengo, kwani upepo, gesi na nyuklia vilishashika nafasi yake. Tanuru liliondoka na ajira: mpango wa Tata uligusa kazi zipatazo 2,800. Takwimu za hewa ukaa haziwezi kuficha machungu hayo.

Kwenye umeme, makaa ni kuni tu. Kwenye chuma ni kiungo. Huokwa bila hewa kwa saa 18 hivi, kwenye nyuzi zaidi ya 1,000 za Selsiasi, mpaka yawe koki: madonge ya kijivu, magumu, yenye vitundu. Ndani ya tanuru, koki hutoa joto, hunyang'anya madini oksijeni yake, na hubeba shehena nzima iliyo juu yake huku ikiacha upenyo wa hewa ya moto. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, wenye kuzalisha takribani tani milioni 130 za chuma kwa mwaka, bado hupata zaidi ya nusu yake kwa njia hii.

Tupige hesabu. Tani moja ya chuma cha tanuru hula wastani wa kilo 780 za makaa na kutoa takribani tani 2 za hewa ukaa. Makaa yakiwa dola 200 kwa tani, gharama ni kama euro 140. Kibali cha kutoa hewa ukaa, ambacho viwanda vya Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa nacho, kikiwa euro 70 kwa tani, zinaongezeka 140 nyingine. Haidrojeni inayoweza kunyang'anya madini oksijeni badala ya makaa ni kilo 55 hivi. Kwa hesabu hii ya juujuu, haidrojeni italingana na makaa ikiuzwa euro 5 kwa kilo. Lakini viwanda hupewa sehemu kubwa ya vibali bure. Ukiondoa gharama yote ya vibali, haidrojeni inatakiwa ishuke hadi euro 2.50.

Haijashuka. Machi 2025, kampuni ya chuma ya thyssenkrupp ilisitisha zabuni yake ya kununua haidrojeni kwa kiwanda chake cha Duisburg, Ujerumani, kwa sababu ya bei, ingawa mradi wenyewe wa kuzalisha chuma kwa haidrojeni umeahidiwa ruzuku ya karibu euro bilioni 2. Juni mwaka huohuo, kampuni nyingine ya chuma, ArcelorMittal, ikaachana na ruzuku ya euro bilioni 1.3 kwa viwanda vyake vya Bremen na Eisenhüttenstadt.

Vibali vya bure vinapunguzwa kuanzia 2026 na kuisha 2034. Kwangu mimi, ratiba hiyo ina uzito kuliko ruzuku yoyote, na kuilegeza kutagharimu sana, kwa sababu tanuru hujengewa matofali mapya ndani kila baada ya miaka 15 hadi 20. Litakalokarabatiwa leo litakula makaa hadi miaka ya 2040.