Lafey haina mto, lakini yahitaji boti

Mwambie mzee wa Lafey kwamba kuna vijana wanaoomba pesa za kununulia boti, na huenda akauliza iwapo jua limewaingia kichwani. Lafey, katika Kaunti ya Mandera, ni nchi ya ngamia na mbuzi. Maji hufuatwa visimani na kwenye mabwawa ya kuchimbwa, na ukame ukizidi huletwa kwa malori. Boti ya nini?

Lakini hebu msomaji tumfuate mwanafunzi wa huko anayerudi chuoni Nairobi. Basi lapita Elwak, lapita Wajir, na baada ya mamia ya kilomita za vumbi lafika Garissa. Hapo pana Mto Tana, na ng'ambo yake ni Madogo, Kaunti ya Tana River. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Nino, mto ulivunja kingo na barabara ya upande wa Madogo ikamezwa na maji. Abiria na shehena za chakula zikakwama pande zote mbili. Njia iliyobaki ikawa ni boti.

Mto huu una vituko vyake. Waweza kufurika Garissa bila tone la mvua kuanguka hapo, kwani maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapitia mabwawa matano ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere. Mabwawa yakijaa, wa huku chini huletewa mafuriko ya mvua wasiyoiona.

Mwaka uliofuata mambo yakawa mabaya zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2024, boti iliyokuwa ikivusha abiria ilizama Kona Punda, karibu na Madogo. Shirika la Msalaba Mwekundu lilisema watu 23 waliokolewa, lakini wengine walipoteza maisha. Wenye umri wa makamo walikumbuka feri ya Mtongwe, iliyozama Mombasa mnamo Aprili 29, 1994 na kuua watu 272. Miaka 30 ilikuwa imepita, na tungali twazungumzia yale yale.

Si kwamba kando ya Tana hakuna vijana wanaoyajua maji. Wamunyoyaya na Wapokomo wameishi na mto huo vizazi na vizazi, na kijana hushika kasia angali mdogo. Kinachokosekana ni vifaa: injini yenye nguvu za kushinda mkondo, kamba ndefu, na jaketi za kuokoa maisha za kuwatosha wote waliomo.

Kikundi cha vijana kitapata wapi pesa hizo? Wengi watakutajia Hazina ya Uwezo, iliyozinduliwa mwaka 2013, ambayo hukopesha vikundi vilivyosajiliwa bila riba. Ni jambo jema kwa mfuga kuku au kinyozi, ambaye hupata chochote kila wiki. Lakini boti ya mafuriko hufanya kazi kwa majuma machache tu, maji yakapungua, magari yakarudi barabarani, nayo ikaanikwa juani. Deni halianikwi.

Sasa jiweke katika nafasi ya nahodha mwenye deni. Boti yake yafaa kubeba watu kumi, na ukingoni wamesimama 30 wenye haraka. Kila anayeongezwa ni nauli. Kila jaketi ni gharama isiyomletea hata senti moja. Mimi sioni ajabu akiwapakia wote, ijapokuwa ni kosa.

Ndiyo maana kwa kazi hii naona ruzuku yafaa kuliko mkopo. Ruzuku zipo: hazina ya NGAAF, inayosimamiwa na wawakilishi wa kike wa kaunti, husaidia vikundi vya vijana pia. Mradi wa KEMFSED, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, nao ulitengewa kaunti za pwani, ikiwemo Tana River. Garissa, iliyo ng'ambo tu ya mto huo huo, haikuwamo. Maji hayajui mpaka wa kaunti, lakini karatasi za ofisini zinaujua sana.

Hata hivyo, injini ya bure nayo ina njaa. Yataka mafuta, plagi, na fundi wa kuiwasha kila mwezi hata mto ukiwa mtulivu, la sivyo siku ya mafuriko itakohoa tu. Boti nayo yapasa kukaguliwa na mamlaka ya usafiri wa majini, KMA. Anayeandika barua ya kuomba ruzuku na aweke hayo yote katika hesabu tangu mwanzo.

Na asisahau jaketi ndogo. Mara nyingi huagizwa za watu wazima pekee, na mtoto wa miaka mitatu akivishwa moja kisha akaanguka majini, jaketi huelea peke yake.