Una B+ Lakini Engineering Imekuruka? Shida Ilianza Form Two

KCSE ikitoka kuna stori hujirudia kila mwaka. Msee anaona B+ kwa simu, ploti nzima inapiga nduru, mathe anatafuta kuku. Baadaye anaingia kwa portal ya KUCCPS kusaka civil engineering na anaambiwa hajahitimu. Si gredi imekataa. Alidrop Physics akiwa Form Two, juu mwalimu alikuwa mkali na Geography ilikaa rahisi.

Na hakuna mtu alimshow.

Iko hivi: C+ ndiyo inakuruhusu kuomba digrii, lakini hiyo ni geti tu. Kila kozi iko na klasta yake, yaani masomo manne yanayotumika kukupigia hesabu, na pointi za juu kabisa ni 48. Engineering inataka Maths, Physics na Chemistry. Law inataka English ama Kiswahili, B plain kwenda juu. Ndio maana mabeshte wawili wenye B+ ile ile wanaweza kuachana mbali kwa kozi moja. Ukweli, tangu KCSE ya 2023 mean grade inahesabiwa na Maths, lugha moja na masomo matano uliyofanya poa zaidi. Imesaidia wengi. Lakini klasta haina hiyo huruma. Kozi ikitaka Chemistry, inataka Chemistry.

Sasa mwalimu wa guidance alikuwa wapi? Shule mingi huyo ni mwalimu wa CRE ama Biology mwenye lessons kibao, na ofisi yake inajulikana ni ya wenye shida: mimba, bangi, msiba. Ukionekana hapo mlangoni mnaanza kuulizwa. Stori ya kozi inangoja Form Four, na wakati huo masomo yalishachaguliwa kitambo. Simlaumu sana, pia yeye ametupiwa tu hiyo kazi juu ya ingine.

Kama tayari uko na result, bado kuna akili ya kutumia. Cut-off unayoona ni ya waliotangulia, ni pointi za mtu wa mwisho kuingia. Wenye pointi kubwa wakijaa, inapanda. So usijaze kozi za kunoma pekee. Weka angalau moja iliyo chini ya pointi zako, lakini iwe kitu unaweza kusoma miaka minne bila kulia. Ukikosa zote, unabaki kugombania nafasi zilizobaki. Ukiwa na C- kwenda juu, diploma pia iko, na wengi wamepitia huko wakafika digrii.

Halafu cyber. Yule jamaa ana foleni na anataka kukumaliza dakika tano. Nenda na code za kozi zako kwa karatasi, juu kozi moja ina code tofauti kila chuo, na usitoke hapo kabla hujaona alichojaza.

Na kama uko na mdogo wako Grade 9, yeye ndiye mwenye haraka kuliko wewe. Grade 10 ya kwanza imeingia Januari 2026, na kabla ya kufika huko unachagua STEM, Social Sciences ama Arts and Sports Science. Ile choice ulifanya Form Two, yeye anaifanya sai. Muulize leo jioni amechagua nini, na nani alimwambia.