Maneno ya mgonjwa katika jarida la usimamizi wa afya: jinsi ya kuandaa mswada

Wengi katika kitivo chetu hudhani kwamba jarida la usimamizi wa huduma za afya ni jambo la madaktari na wachumi. Lakini ukifungua jarida la namna hiyo utakuta makala nyingi zimejengwa juu ya maneno ya watu: muuguzi anaeleza zamu zake, mgonjwa anaeleza alivyolipa, msimamizi anaeleza kwa nini dawa ziliisha. Nchini kwetu maneno hayo husemwa kwa Kiswahili, Kilingala, Kiluba au Kikongo, huandikwa katika ripoti kwa Kifaransa, kisha huchapishwa kwa Kiingereza. Makala hii inaeleza mswada wa aina hiyo unavyoandaliwa, na inakaa zaidi pale ambapo mtu wa lugha anahitajika.

Mifano yangu inatoka katika kazi moja ninayoifahamu. Kikundi kidogo cha watafiti (daktari mmoja na wauguzi wawili wanaosomea usimamizi) kiliniomba niandike neno kwa neno mahojiano yao yaliyorekodiwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na nishiriki katika kuyachambua. Mada yao ni wagonjwa wanaozuiliwa hospitalini baada ya kupona kwa sababu hawajamaliza kulipa bili. Desturi hiyo inajulikana. Mwaka 2017 taasisi ya Chatham House ya London ilitoa ripoti juu yake, na Kongo ni miongoni mwa nchi zilizotajwa.

Kazi ya kwanza ni kuchagua jarida, na hufanywa kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Kila jarida lina maelekezo yake kwa waandishi, na hayafanani. Journal of Health Organization and Management, kwa mfano, linataka ikisiri isiyozidi maneno 250, iliyogawanywa kwa vichwa vidogo: lengo, mbinu, matokeo, na upya wa kazi yenyewe. BMC Health Services Research ni la wazi: msomaji halipi kitu, ila mwandishi hutozwa ada mswada ukikubaliwa. Waandishi wa nchi zenye kipato cha chini wanaweza kuomba wasamehewe ada hiyo, lakini ombi hupelekwa pamoja na mswada. Anayesubiri mpaka akubaliwe amechelewa. Kuhusu majarida ya ulaghai yanayotuandikia kwa barua pepe na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache, inatosha kusema: tafuta kwanza jina la jarida katika orodha ya DOAJ, kisha muulize mwalimu aliyewahi kuchapisha.

Jarida la usimamizi linatofautiana na jarida la tiba kwa swali linaloulizwa. Jarida la tiba linataka kujua ugonjwa unavyotibiwa. Hili letu linataka kujua msimamizi abadilishe nini: bei, vitanda, zamu, ghala la dawa, mtu wa kutia saini. Kwa hiyo katika kila tendo linalosimuliwa lazima ijulikane nani alitenda, lini, na kwa amri ya nani. Hayo yote yamo ndani ya sarufi ya msemaji, na ndiyo yanayopotea mapema zaidi katika tafsiri.

Chukua sentensi ya mama mmoja aliyejifungua: «Balinifunga mu lopitali juu ya franga.» Muhtasari wa Kifaransa ulisema kwamba mama huyo alibaki hospitalini kutokana na matatizo ya malipo. Kutoka hapo, rasimu ya Kiingereza ikazungumzia kulazwa kwa muda mrefu. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja alilainisha kidogo. Lakini kiambishi ba-, yaani watu waliotenda, kimetoweka, na kitenzi «kufunga» kimetoweka pia. Wastani wa siku za kulazwa ni kipimo kinachofuatwa sana na wasimamizi, na siku zikizidi wao hutafuta sababu katika matibabu au katika mpangilio wa wodi. Mama huyu alikuwa mzima. Siku zake zilizidi kwa sababu mtu fulani aliamua hivyo, na mlinzi wa mlangoni hakumruhusu kupita bila karatasi ya kutokea. Hata hivyo, kuchukua neno la Kiingereza la kifungo cha gereza kungekuwa kosa la upande wa pili. Tulichagua neno lenye maana ya kuzuiliwa, na katika sehemu ya mbinu tukaeleza sababu.

Mfano wa pili unanitisha zaidi. Muuguzi mmoja alisema: «Dawa tunauza inje.» Msomaji wa Kiswahili sanifu, wa Dar es Salaam au wa Mombasa, ataelewa kwamba wauguzi wanachukua dawa za hospitali na kuzifanyia biashara. Kumbe katika Kiswahili cha Lubumbashi «kuuza» ni kununua, na anayetoa bidhaa ili apate pesa «anauzisha». Muuguzi alikuwa analalamika kwamba ghala ni tupu na kwamba wanalazimika kununua nje. Rasimu ya kwanza ya tafsiri ilikuwa imetengenezwa na mtu aliyesomea Kiswahili nje ya Kongo, mjuzi kabisa wa lugha hiyo, na sentensi ilikuwa tayari imewekwa chini ya kichwa kinachohusu upotevu wa mali ya hospitali. Kama ingechapishwa hivyo, ungamo la wizi lingewekwa kinywani mwa mtu ambaye hakuiba. Mhakiki wa jarida, aliyeko nchi nyingine na asiye na rekodi mkononi, asingekuwa na njia ya kuligundua.

Kuna na nyakati za vitenzi. Msimamizi mmoja alisema: «Balikuwaka banafunga bamama benye kuzala.» Ile -ka ya mwisho, tunayoisikia kila siku bila kuifikiria, hubeba maana ya mazoea au ya wakati uliopita zamani. Tafsiri iliandika wakati uliopita wa kawaida, kana kwamba jambo lilitokea mara moja. Tuliporudi kwenye rekodi tulisikia anaendelea kueleza kwamba siku hizi mgonjwa anaachiwa aende, ila anaacha simu au kadi ya mpiga kura kama rehani. Basi desturi haikukoma, imebadilika sura, na hilo ndilo jambo jipya kwa msomaji wa jarida. Sehemu nzima ya matokeo ilipangwa upya kwa sababu ya silabi moja.

«Munganga» nalo linahitaji tahadhari. Mgonjwa wa kwetu huweza kumwita hivyo daktari na muuguzi pia. Kwa jirani zetu wa mashariki, mganga anaweza kuwa mtu wa mitishamba. Katika uchunguzi juu ya nani ana mamlaka ya kumruhusu mgonjwa atoke, huwezi kuacha neno hilo bila kuuliza ni nani hasa.

Je, majarida hayana njia ya kudhibiti mambo haya? Mengi humtaka mwandishi wa utafiti wa mahojiano ajaze orodha iitwayo COREQ, iliyochapishwa mwaka 2007 na Allison Tong na wenzake. Ina maswali 32. Inauliza jinsia ya anayehoji, kazi yake, mafunzo yake, mahali pa mahojiano, kama kulikuwa na mtu mwingine chumbani, mazungumzo yalidumu muda gani, ni watu wangapi waliochambua. Ni orodha nzuri, na anayeanza utafiti aisome kabla ya kwenda kuhoji, maana baadaye mengi hayawezi kurekebishwa. Lakini nimeipitia swali kwa swali: hakuna hata moja linalouliza mahojiano yalifanyika kwa lugha gani wala nani aliyatafsiri. Mswada unaweza kujibu maswali yote 32 na bado ukawa na muuguzi anayeuza dawa.

Kwa hiyo tuliongeza aya ambayo hakuna aliyeidai. Inasema mahojiano yalikuwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, nani aliyaandika neno kwa neno, kwamba tafsiri ya mwisho ilitoka moja kwa moja kwenye Kiswahili bila kupitia Kifaransa, na kwamba maneno yenye utata yalijadiliwa na watu wawili huku wakisikiliza rekodi. Watu hupendekeza pia njia ya kutafsiri kwenda na kurudi, ambayo Richard Brislin aliieleza katika makala yake ya mwaka 1970. Inafaa kwa hojaji. Kwa maneno ya mahojiano siiamini sana: «alibaki» ukiipeleka Kiingereza na kuirudisha itakuja «alibaki», na sote tutaridhika, ilhali kosa lilifanyika hatua moja nyuma.

Nukuu za asili tuliziweka katika kiambatisho, kwa kuwa majarida huhesabu maneno na makala yenyewe haina nafasi. Hapo likazuka tatizo ambalo sina jibu lake kamili. Tuliwaahidi waliohojiwa kwamba hawatatambulika, na kamati ya maadili ilitoa kibali kwa sharti hilo. Katika mpango wa nchi, zoni ya afya huwa na hospitali kuu ya rufaa moja. Ukitaja zoni, umetaja hospitali. Ukiongeza «mkuu wa wodi ya uzazi», umetaja mtu. Hayo tuliyaondoa. Lakini hata lugha ina uso. Mtu anayechanganya Kiswahili na Kibemba kwa namna yake, au mwenye msemo anaojulikana nao kazini, wenzake watamtambua katika mstari mmoja. Tafsiri inamficha, maneno yake halisi yanamfichua. Nukuu mbili tuliziacha kabisa, na moja wapo ilikuwa bora kuliko zote tulizobaki nazo.

Suala la majina ya waandishi nitalipitia haraka, ingawa huleta ugomvi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyokutana kwanza Vancouver mwaka 1978, inataka kila mwandishi atimize masharti manne kwa pamoja: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya data au kuichambua, awe ameandika au kurekebisha mswada, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa yaliyomo. Mkubwa anayewekwa kwa heshima tu hastahili. Mfasiri aliyetafsiri na kuondoka anapewa shukrani mwishoni. Lakini anayeamua kwamba «kuuza» hapa ni kununua amekwisha kuchambua data, na wanafunzi wa kitivo chetu walidai wazi mwanzoni mwa kazi, kabla mswada haujaandikwa.

Baada ya kuwasilisha ni kungoja, kisha huja maoni ya wahakiki. Kila oni hujibiwa peke yake: oni limeandikwa, jibu chini yake, na ukurasa uliorekebishwa. Unaweza kukataa, ila kwa hoja na kwa adabu. Mhakiki mmoja alitutaka tunyooshe Kiingereza cha nukuu ili kisomeke vizuri zaidi. Mahali pengi tulikubali. Kwa ile ya «balinifunga» alipendekeza turudi kwenye kulazwa kwa muda mrefu, kwa kuwa ndiyo istilahi iliyozoeleka. Tulimjibu kwa nusu ukurasa kuhusu kiambishi ba- na karatasi ya kutokea, tukaacha neno letu jinsi lilivyo. Uamuzi wa mhariri bado hatujaupata.