Harufu ya Ndizi na Kazi ya Vimeng'enya

Katika vijiji vya Kiruruma, kwenye nyanda za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ndizi za pombe huivishwa shimoni na kukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, na baada ya siku moja hivi huwa rubisi. Anayeukaribia mtumbwi husikia harufu ya ndizi mbivu. Harufu hiyo hutokana hasa na esta iitwayo isoamili asetati. Sehemu yake hutengenezwa na tunda linapoiva, na sehemu nyingine na hamira.

Esta hupatikana asidi ya kikaboni inapoungana na alkoholi na kuachilia maji. Katika maabara ya shule, mchanganyiko huo hupashwa moto pamoja na asidi sulfuriki. Lakini tendo hili huenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 1862 Wafaransa Berthelot na Péan de Saint-Gilles walionyesha kuwa asidi ya siki na alkoholi zikichanganywa kwa idadi sawa ya molekuli, ni theluthi mbili tu hivi zinazogeuka kuwa esta. Maji yanayotokea huivunja esta tena.

Je, hamira hufauluje ndani ya mtumbwi uliojaa maji? Hamira haitumii asidi ya siki yenyewe. Kwanza hutumia nguvu iliyopatikana katika sukari kukifunga kipande cha asidi hiyo kwenye koenzaimu A. Kisha kimeng'enya hukichukua kipande hicho na kukikabidhi kwa alkoholi.

Viwanda vimefuata njia nyingine. Lipasi ni kimeng'enya kinachovunja mafuta tumboni, penye maji mengi. Kimeng'enya hakichagui upande wa tendo, huliharakisha tu. Maji yakiondolewa, lipasi ile ile hujenga esta. Mwaka 1984 Zaks na Klibanov, huko Marekani, walionyesha kuwa lipasi ya kongosho la nguruwe hufanya kazi katika vimiminika vya kikaboni vyenye maji kidogo sana, hata kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Leo baadhi ya esta za vipodozi hutengenezwa kwa lipasi iliyoshikizwa kwenye chembe ngumu, kwa joto la nyuzi 60 hivi, huku maji yakivutwa nje kwa pampu. Asidi kali haihitajiki, na chembe hizo hutumika tena na tena.

Kwa mkamuaji wa rubisi elimu hii si ya vitabuni tu. Zipo hamira za porini ambazo, zikipata hewa, hutengeneza esta nyingine, ethili asetati, kwa wingi mno. Pombe hunuka kama rangi ya kucha, mnunuzi hugeuka na kwenda zake, na mikungu iliyotegemewa kulipia mahitaji ya watoto shuleni hupotea kwa usiku mmoja. Kuosha mtumbwi vizuri, kuufunika, na kuanzisha uchachu kwa hamira iliyochaguliwa ni kuchagua vimeng'enya vitakavyofanya kazi.

Mwalimu anayefundisha esta Kiruruma ana mfano mlangoni pake. Na awaulize wanafunzi: kiwandani maji huondolewa ili esta ipatikane, kwa nini mtumbwini hayaondolewi?