Kapasita: kifaa kinachoushtua moyo, na kinachoweza kuusimamisha

Mapigo ya moyo yakivurugika kiasi kwamba vyumba vyake vya chini vinatetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, mgonjwa huzimia ndani ya sekunde chache. Kila dakika inayopita bila msaada humpunguzia nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Tiba yake ni pigo moja kali la umeme kupitia kifuani. Mashine inayotoa pigo hilo hubebwa mkononi na huendeshwa kwa betri, lakini betri hiyo peke yake haiwezi kamwe kutoa umeme mkali hivyo kwa mara moja. Kinachoutoa ni kapasita, kifaa cha jamii ileile iliyomo ndani ya feni, redio, televisheni na chaja ya simu yako.

Umbo lake ni rahisi. Ni mabamba mawili ya metali yaliyokaribiana sana bila kugusana, na katikati yake pana kitu kisichopitisha umeme: karatasi, plastiki, kauri, au utando mwembamba wa oksidi. Ukiyaunganisha na betri, elektroni hujazana kwenye bamba moja na kupungua kwenye la pili. Zinavutwa kwenda ng'ambo, ila njia hakuna. Ukiiondoa betri, hubaki zimekaa hapohapo zikingoja. Ukizipatia njia, huondoka zote kwa mkupuo. Betri hutegemea kemia, nayo kemia ina mwendo wake. Kapasita haina inachosubiri. Ni kama ndoo iliyokingwa chini ya bomba linalotiririka kidogokidogo: inachukua muda kujaa, lakini ukiipindua maji yote yanamwagika mara moja.

Uwezo wake wa kuhifadhi chaji huongezeka mabamba yakiwa mapana na yakikaribiana zaidi, na hutegemea pia kilicho katikati. Kipimo chake ni faradi, kwa heshima ya mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday. Faradi moja ni nyingi mno kwa kazi za kawaida, kwa hiyo mafundi huzungumzia maikrofaradi, yaani sehemu moja ya milioni ya faradi.

Nishati iliyohifadhiwa hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uwezo huo kwa mraba wa volti. Neno la kuangalia hapo ni mraba: volti zikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Chukua kapasita ya maikrofaradi 100 iliyojazwa hadi volti 2,000. Ndani yake mna juli 200, kiwango ambacho mashine za kisasa za kushtua moyo hutumia kwa mtu mzima. Betri huchukua sekunde kadhaa kuijaza. Kisha juli hizo hupita kifuani kwa takriban milisekunde 10, yaani wastani wa wati 20,000 kwa kipindi hicho kifupi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1947, huko Cleveland, Marekani, daktari wa upasuaji Claude Beck aliurudisha moyo wa kijana wa miaka 14 kwa umeme, kifua kikiwa wazi mezani. Mwaka 1956 Paul Zoll akafanikiwa bila kupasua kifua. Wote wawili walitumia umeme geu, ule wa ukutani, na umeme huo uliumiza misuli ya moyo. Isitoshe, mashine zilikuwa nzito na zilitaka soketi karibu. Naum Gurvich wa Moscow alikuwa ameshaonyesha kwa wanyama kwamba pigo la kapasita linafaa zaidi. Mwaka 1962 Bernard Lown wa Boston, akishirikiana na mhandisi Baruch Berkovits, aliithibitisha njia hiyo kwa wagonjwa. Kwangu mimi, huo ni miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa tiba wa karne iliyopita, nao unastahili kufundishwa kwenye darasa la fizikia sambamba na la biolojia.

Watu wengi hudhani pigo hilo huuwasha moyo uliozimika. Sivyo. Huituliza misuli yote kwa pamoja ili chembe zinazoongoza mapigo zishike tena usukani. Moyo uliokwisha kunyamaza kabisa haufufuki kwa pigo hilo. Unahitaji kukandamizwa kifua na dawa.

Nyumbani kapasita ina kazi za upole zaidi. Kwenye chaja na televisheni hulainisha umeme unaopandashuka. Kwenye feni ya dari, kapasita ya maikrofaradi 2 au 3 hivi huipa mota msukumo wa kuanza kuzunguka. Feni ikivuma bila kuzunguka, au ikisubiri kusukumwa kwa mkono, mara nyingi kapasita ndiyo imechoka. Inayowekwa badala yake iwe na maikrofaradi zilezile, na volti zake zisiwe pungufu. Zile zenye upande wa chanya na hasi zikigeuzwa hupata joto na kupasuka. Zile ndogo sana za metali ya tantali, zinazopatikana kwenye simu na hata kwenye vifaa vinavyopandikizwa mwilini, hutegemea madini ya koltani, na sehemu kubwa ya koltani ya dunia huchimbwa mashariki mwa Kongo.

Hatari iko hapa: kuchomoa plagi hakuiondolei kapasita chaji yake. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa mnyoofu ndani ya televisheni hufika takriban volti 325, na unaweza kubaki hapo baada ya kifaa kuzimwa. Ndani ya maikrowevu volti hupita 2,000. Mkondo ukipita kifuani unaweza kuleta mvurugiko uleule ambao mashine ya hospitali hutumika kuutibu. Mpishi wa nyumbani hana sababu yoyote ya kuifungua maikrowevu.

Fundi naye aachane na ile tabia ya kugusanisha ncha kwa bisibisi ili cheche itoke. Inaharibu kapasita, inaweza kurusha metali iliyoyeyuka machoni, na haimhakikishii kwamba chaji imekwisha, kwa sababu baadhi ya kapasita hujirudishia volti kiasi baada ya muda. Njia salama ni kuimwaga chaji kupitia rizista inayofaa, kisha kupima kwa maltimita, kusubiri kidogo, na kupima tena kabla ya kugusa.

Mwenzako akipigwa na umeme, kata umeme kwanza kabla ya kumshika. Kama hapumui kawaida wala haitikii, ita msaada na mkandamize katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, hadi mashine ya kushtua moyo ifike.