Koo Mzee Anapougua

Wenyeji wa Kathonzweni, upande wa kusini-mashariki ya mji wa Wote katika Ukambani, wana desturi ya kuweka koo mmoja au wawili kwa miaka mingi, hata mayai yao yanapokuwa haba. Desturi hiyo si upumbavu. Kuku wa kienyeji hutaga vema katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha mayai hupungua mwaka hata mwaka; lakini koo mzee aliyezoea kuatamia hukaa juu ya mayai siku zote 21 bila kuyaacha, tena hujua kuwakusanya vifaranga mwewe anapopita. Katika nchi kavu kama ile, ambako mvua ikikosa mahindi hukauka yangali machanga, kuku ndiye akiba iliyo karibu zaidi na mkono wa mama wa nyumba. Kwa hiyo koo akiugua, hasara yaweza kuwa kubwa kuliko bei ya kuku mmoja.

Kuku huficha ugonjwa wake mpaka umzidie nguvu. Wakati mzuri wa kuutambua ni asubuhi, kizimba kinapofunguliwa. Aliye mzima hutoka mbio kutafuta chakula. Mgonjwa hubaki nyuma amejikunyata, manyoya yamesimama, macho yamefumbwa nusu. Wengi husema, “Ni uzee tu,” nao humwacha. Ni kweli ya kuwa kuku mzee hutembea polepole na hutaga mara chache, lakini hula. Asiyekula ni mgonjwa, hata awe wa umri gani.

Jambo la kufanya saa ile ile, kabla ya kutafuta dawa yo yote, ni kumtenga. Awekwe chini ya tenga kubwa mahali penye kivuli, mbali na wenzake, naye awe na chombo chake mwenyewe cha maji. Usiku atandikiwe majani makavu na kukingwa upepo, maana mgonjwa hupoteza joto upesi. Anayewalisha kuku aanze na walio wazima, amalizie kwa mgonjwa, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Sababu ya haraka hiyo ni mdondo, ugonjwa ambao madaktari huuita Newcastle kwa jina la mji wa Uingereza ulikotokea mwaka 1926. Katika Kenya ulitambuliwa mwaka 1935, na tangu hapo umekuwa adui mkubwa wa kuku wa vijijini. Kuku huharisha kinyesi cha kijani, huhema kwa shida akiwa amefungua mdomo, na pengine shingo hupindika na miguu hupooza. Wengine hufa ghafula bila dalili nyingi. Hauna dawa. Pilipili na maji ya mshubiri, uitwao kiluma kwa Kikamba, hutumiwa na watu wengi, lakini haviuondoi.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu akimwona koo wake amezubaa humfunga miguu na kumpeleka sokoni upesi, apate senti kidogo kabla hajafa. Mnunuzi humchukua hadi Mavindini au Kitise, humweka pamoja na kuku wake, na baada ya majuma machache huenda asibaki jogoo wa kuwika katika boma lile. Pengine hata yule muuzaji hununua kuku mwingine katika soko lile lile na kurudi na ugonjwa nyumbani. Kuku mgonjwa asiuzwe, wala asichinjwe kwa kuliwa. Akifa, azikwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, au achomwe moto. Wakifa wengi kwa siku chache, ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja, kwa kuwa kuna magonjwa mengine ya ndege yanayoweza kuwadhuru wanadamu.

Kinga ya mdondo ni chanjo. Iko chanjo iliyotengenezwa Australia, iitwayo I-2, ambayo huvumilia joto kuliko zile za zamani, ingawa haifai kuachwa juani. Hutiwa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila miezi 3 au 4. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Kazi yake ni kuwalinda walio wazima, nayo huhitaji juma moja au mawili kabla ya kupata nguvu.

Lakini si kila koo aliyezubaa ana mdondo. Akiwa mgonjwa peke yake, ashikwe kwa upole na kupimwa kwa mkono. Manyoya yafunuliwe chini ya mabawa na karibu na mkia: utitiri hunyonya damu usiku hata upanga wa kichwani ukageuka mweupe, na dawa ya kumpaka kuku haitoshi ikiwa kizimba chenyewe hakikusafishwa. Magamba ya miguu yaliyoinuka kama maganda ni kazi ya wadudu wadogo. Yasuguliwe kwa maji ya sabuni na kupakwa mafuta mazito, na kurudiwa kila baada ya siku chache. Kifuko cha chakula chini ya shingo kiguswe alfajiri. Kikiwa kigumu na kimejaa, chakula hakishuki. Koo anayejikamua na kusimama wima kama bata huenda amekwamwa na yai: akalishwe katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa dakika 20, apakwe mafuta kidogo kwenye tundu la kutagia, na kuachwa mahali pa giza na utulivu. Tumbo lisikamuliwe kwa nguvu, kwani yai likivunjika ndani huweza kumwua.

Chakula cha mgonjwa kiwe laini. Uji mzito wa mtama uliopoa humfaa, na mchwa wachache humtia hamu. Maji ni bora kuliko chakula, nayo yabadilishwe asubuhi na jioni. Dawa za madukani zinunuliwe kwa shauri la daktari wa mifugo, na mayai yasiliwe mpaka zipite siku zilizoandikwa juu ya chupa.

Asipokula kwa siku ya tatu, na macho yameingia ndani, ni huruma kumwua upesi na kumzika. Yule aliyezeeka tu bila ugonjwa ana mwisho mwingine: hupewa mayai ya mitetea kuatamia msimu mmoja zaidi, na siku ya chungu ikifika hupikwa kwa moto mdogo saa nyingi, maana nyama yake ni ngumu lakini mchuzi wake hauna mfano.